Mjerumani Aliyefagia Nyayo za Hawa

Wenzangu wa Chumbageni, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mwanaharusi nilimpa habari za ndege, Bi Asha nikampa habari za baridi, na sasa nasikia vipande vimeungwa huko nje vikawa kitu kingine kabisa, eti Zaina alimpiga Mzungu kwa ufagio London. Sikumpiga mtu. Kaeni niwaandikie yote mara moja, na mtakaposoma msiongeze chumvi, iliyomo inatosha.

Mnajua kilichonipeleka. Yule Bwana Ingo, Mjerumani mrefu, alikuja Tanga kutembea, akamwona Hawa wangu akicheza tenisi pale klabu, akasimama kwenye uzio mpaka jua likamchoma shingo. Kesho yake akaja nyumbani. Akasema alikuwa mchezaji wa kulipwa miaka ya tisini, sasa anafundisha London, na angependa kumchukua Hawa kwa miaka miwili. Atakaa kwake na mkewe, atasoma, atacheza. Bure.

Baba Hawa alikubali kabla chai haijapoa. Mimi neno "bure" lilinikaa kooni. Nimefanya kazi forodhani tangu ujana wangu, mikono yangu imeingia katika mabegi ya maaskofu na ya wahuni, na sijawahi kuona begi jepesi lisilo na sababu. Nikasema, Hawa hatoki hapa peke yake. Nitakwenda naye, nitakagua, na nikiridhika nitamwacha. Nisiporidhika narudi naye.

Tanga hadi Dar

Basi liliharibika Segera. Tukakaa chini ya kibanda cha muuza mahindi, nikampa Hawa maneno ambayo wakati ule niliyaona ya busara. Nilimwambia, "Nikiona huko hata kitu kimoja kimekaa vibaya, kimoja tu, tunafunga mizigo. Umenielewa?"

"Hata kama ni kidogo, mama?"

"Hasa kama ni kidogo."

Alikuwa na miaka kumi na tano. Akatafuna hindi lake pole pole, asiniulize tena. Yashikeni maneno hayo, nitayarudia.

Angani, na kukwama katikati

Ndege ya kwanza haikuwa na tatizo ila chakula, wali uliopikwa na mtu mwenye hasira. Tatizo lilikuwa pale tulipobadili ndege. Ya pili ilikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja, tukalala kwenye viti vya chuma na mashuka ya kuazima.

Hapo ndipo nilipokaa na Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa akirudi London, ambako anawaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Alifungua kopo la sombe, kisamvu cha kwao, na samaki mkavu, akatusogezea bila kuuliza, tukala. Nikamweleza safari yetu. Hakushangaa wala hakunisifu.

"Miye sikatazi," alisema. "Bazungu bazuri biko, babaya biko, sawa kwetu tu. Lakini ukifika kwa nyumba yake, usiangalie sana salon, fasi ya bageni. Enda angalia mulango ya chumba ya mutoto. Kifunguo ikuwe kwa ndani, hapana kwa inje."

Nilipenda akili ya mama huyu. Hiyo ni akili ya forodha kabisa, na hakuisomea popote.

Heathrow hadi Ilford

Tulitoka tumechelewa nusu siku nzima. Watu wamejipanga na vibao vya majina, na katikati yao limesimama jitu limevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, limeinua raketi juu ya kichwa. Nikamvuta Hawa tupite mbali na yule mwendawazimu. Hawa akacheka.

"Mama, ndiye yeye!"

Kumbe. Tanga nilimwona amevaa kaptula, sikujua kama ana nguo nyingine. Nikamsalimu, lakini moyoni nikajiuliza mbona wenzake wameandika majina na yeye kaja na raketi. Mtu asiyetaka jina lake lionekane pamoja na letu ana lake. Akasema yuko pale tangu asubuhi, hakujua tutafika saa ngapi. Hilo nalo nikaliweka upande. Mtu mzima anayesubiri kutwa nzima watu wasio ndugu zake, anasubiri nini?

Akatupeleka Ilford kwa binamu yangu Rukia, nusu ya London nzima ndani ya gari. Nikaona nafasi ya kumhoji, kwa Kiingereza changu cha forodhani.

"Ulicheza miaka mingapi, Bwana Ingo?"

"Kama kumi. Viwanja vya udongo zaidi. Miji midogo midogo, hoteli mbaya."

"Ulishinda nini?"

Taa zilibadilika, akatia gia. "Nilishindwa mara nyingi sana, Mama Hawa. Mara moja nilishinda mechi kubwa. Ile ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote."

Nawaulizeni, ni mwanamume gani anayejieleza hivyo? Kazini nimejifunza kwamba anayejaza tamko lake la mizigo kwa haraka na kwa unyenyekevu, huyo ndiye wa kumfungulia begi mpaka chini.

Kwa Rukia kulikuwa na ugali, mchicha wa nazi na changu wa kukaanga. Ingo akanawa, akakaa, akamega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba na kuchovya bila kudondosha. Rukia akafurahi. Mimi nikakasirika. Nani kamfundisha, na kwa nini alitaka kujua?

Alipoondoka, Rukia akageuka. Ni Mtanga mwenzetu, lakini London imemwingia mdomoni.

"Da Zaina, hapa ukitaka kukaa na watoto wa watu lazima wakufanyie background check, wachimbe ulikotoka. Mi kazini nimeulizia jina lake, watu wanaojua tenisi mpaka soksi za wachezaji. No one. Hakuna anayemjua. Wewe mwulize bwana Pravin wa dukani."

Watoto wake wawili walikuwa wanatusikiliza kutoka kwenye ngazi. Niliwasalimia, wakanijibu, "Hi auntie," wakapanda juu.

Bwana Pravin anauza mihogo, mchele na kadi za simu pale barabara ya maduka. Kazaliwa Tanga, barabara ya kumi na mbili, na Kiswahili chake ni safi kuliko cha watoto wa Rukia. Tenisi anaipenda kufa. Nilipotaja jina, aliweka mzani chini.

"Yule? Namkumbuka, dada yangu. Alikuwa mzuri yule. Lakini kulikuwa na maneno."

"Maneno gani?"

"Ah, siku nyingi. Nakumbuka watu walimzomea, Ujerumani huko huko kwao. Halafu akapotea. Usinishike shati, sikumbuki zaidi."

Mtu hazomewi na watu wa kwao bure. Nilinunua mihogo yangu nikaondoka, na kusema kweli nilihisi raha. Nilikuwa nimelikuta lile nililolijia.

Ilford hadi mbele ya Croydon

Ukitaka kwenda kwa Ingo unachukua treni mpaka mjini, treni nyingine mpaka Croydon, halafu kigarimoshi cha barabarani kinachopita katikati ya watu kama vile hakina breki. Croydon ni maghorofa ya ofisi, na abiria wengi wamekumbatia bahasha. Rukia alikuwa ametuambia ndiko kuliko ofisi ile kubwa ya uhamiaji, ndiyo maana hakuna anayecheka kwenye vituo.

Nyumba ya Ingo ilikuwa ndogo na safi. Mkewe, Pauline, mwanamke wa maneno machache, alikuwa jikoni anapika. Alinionyesha pakiti ya nyama ili nione imechinjwa kihalali. Sebuleni niliangalia kuta zote. Hakuna kikombe cha ushindi, hakuna picha hata moja ya tenisi. Fundi cherehani asiye na mkasi nyumbani, mtamwamini? Nikaomba kuona chumba cha Hawa. Ufunguo ulikuwa kwa ndani. Nikaujaribu, ukafunga, ukafungua. Hapo nikaenda kuangalia dirisha.

Halafu tukatembea mpaka uwanjani, karibu tu na nyumba. Viwanja vitatu vya udongo mwekundu, na udongo ule ulinipa moyo kidogo, ulikuwa wa rangi ya kwetu. Ingo alikuwa amemwita msichana wa Kiingereza acheze na Hawa, na mama yake yule msichana alikaa benchi na miwani yake, akituangalia kama mzigo uliokosea anwani.

Walicheza vizuri. Mimi sijui hesabu za tenisi, lakini mtoto wangu namjua, na nilimwona akipigana. Mwisho mpira wa yule msichana ulianguka nyuma karibu na mstari, Hawa akainua kidole, akasema "Out!", kwamba umetoka. Yule msichana akashika kiuno. Mama yake akasimama. Kisha wakapeana mikono, na Hawa alikuwa ameshinda. Nikapiga makofi peke yangu.

Sasa sikilizeni. Hawa alianza kuja kwangu, anatoka uwanjani. Kabla hajafika hata kwenye uzio, Ingo alishuka na wavu mmoja mpana wenye mpini, akaanza kufagia nyuma yake. Hakwenda popote ila pale alipokuwa amesimama mtoto wangu. Akachuchumaa, akaugusa udongo kwa kidole, akamtazama Hawa, akainuka na kupitisha wavu juu ya nyayo zake mpaka zikafutika zote.

Kwetu mgeni akitoka hushiki ufagio mpaka awe amefika mbali. Ukifagia nyuma yake unamwambia asirudi. Na huko kugusa udongo wa unyayo wa mtoto wa mtu, mimi si mtu wa mambo hayo, mnajua, lakini hayo mambo yapo, na hakuna mama wa Tanga atakayeyatazama kwa macho akasubiri maelezo.

"Unafanya nini?" nilipiga kelele, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza.

Akasimama na wavu wake. "Nafagia, Mama Hawa."

"Unamfagia mwanangu? Bado hajatoka unamfagia? Na huo udongo unautakia nini?"

Hakunielewa, na uso wake ulibadilika rangi kwa namna ambayo niliiona ni hatia. Hawa akasema, "Mama, hapana, ndivyo wanavyo..." Nikamkata. Nikamshika mkono, tukapita mbele ya ile nyumba ambamo chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, na harufu yake ilitufuata mpaka kituoni. Pauline alitoka mlangoni na kitambaa begani, asijue asimame au atufuate.

Kurudi Ilford bila kula

Rukia alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mtoto harudi kule, over." Akatukaangia mayai. Nilikula kwa ushindi. Hawa hakula.

Asubuhi alikuja nikiwa nakunywa chai, macho yamevimba.

"Mama, viwanja vya udongo lazima vifagiwe. Hata nyumbani Mzee Kombo wa klabu anafagia tukitoka."

"Mzee Kombo anasubiri tuondoke."

"Kwa sababu ni kazi yake. Huku kwao mchezaji mwenyewe ndiye anafagia, kila mtu, hata awe bingwa. Ilikuwa nifagie mimi. Sikujua, nikatoka, ndiyo akafagia kwa niaba yangu. Alinifanyia heshima, mama."

Nikakaa na hilo. Nilijisikia vibaya, nisiwafiche, hasa nilipokumbuka sahani ya Pauline. Mgeni aliyeacha chakula mezani, kwetu angesemwa mwaka mzima. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa bado.

"Haya. Na kuchuchumaa je? Aligusa nini pale chini, akakutazama?"

Hawa akaangalia kikombe changu. "Sijui," alisema, haraka mno.

Croydon mara ya pili

Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta Ingo uwanjani, amekaa kwenye benchi, wavu umeegemezwa kando. Nikaanza kwa kuomba radhi ya chakula, maana hilo lilikuwa deni langu halisi. Nikamweleza habari ya ufagio na mgeni. Alisikiliza kwa makini, akanirudisha nyuma mara mbili ahakikishe ameelewa.

"Hata nyumbani? Mpaka awe mbali?"

"Mpaka asionekane."

Akatikisa kichwa. "Basi nilikufukuza," alisema. "Pole sana."

Nikamwambia sasa zamu yake. Kwa nini walimzomea?

Hakuuliza nimejuaje. Alisema udongo una jambo moja ambalo viwanja vya majani havina. Mpira ukianguka unaacha alama, na wachezaji wakibishana mwamuzi hushuka akaitazama. Katika mechi ile kubwa, kwenye mji wa nyumbani kwake, yeye alisema mpira wa mwenzake umetoka. Mwenzake akabisha. Mwamuzi alipofika, alama haikuwepo. Kiatu cha Ingo kilikuwa kimepita juu yake.

"Nikashinda. Waliokuwa karibu wakaanza kuzomea, kisha wote. Baada ya hapo kila nilipocheza, mpinzani alikuja kutazama alama kabla sijasema kitu. Hakuna aliyetaka kufanya mazoezi na mimi. Nilicheza miaka mingine miwili, halafu nikachoka kutazamwa."

"Uliifuta kwa makusudi?"

Alinitazama. Macho yake ni ya bluu, na sijawahi kujua kuyasoma macho ya rangi ile.

"Kila mtu aliniuliza hivyo," alisema. "Hata mama yangu."

Akainama kufunga kamba za kiatu. Nimefungua mabegi maisha yangu yote, lile halikufunguka. Nikauliza langu la mwisho.

"Na juzi ulichungulia nini chini, pale aliposimama mwanangu?"

Akainuka, akachukua wavu. "Hilo nilitaka kuzungumza naye baada ya chakula, mimi na yeye. Sikutaka yule mama mwingine aje kutazama. Muulize Hawa."

Kigarimoshi cha kurudi kilijaa watu wenye bahasha zao. Nilikuwa nimesimama, mkono juu. Nilikuwa nimekagua ndege, nyumba, kuta, ufunguo, nyama na miaka kumi ya maisha ya mtu. Begi moja tu sikuligusa, kwa sababu nililifunga mwenyewe.

Nilimkuta Hawa jikoni kwa Rukia anamenya mihogo ya bwana Pravin. Nikaketi.

"Ule mpira wa mwisho. Ndani au nje?"

Kisu kikasimama.

"Ndani," alisema. "Kwenye mstari kabisa."

"Kwa nini, Hawa?"

"Ulisema kitu kimoja tu, mama. Hata kidogo. Nilidhani nikishindwa wewe utasema haya, tumeona, tunarudi." Akalia, mkono wenye mhogo umeshika shavu. "Nilikuwa nakuangalia wewe tu. Mpira sikuwa nauangalia."

Jamani, niliumia. Sina neno jingine la kuweka hapo. Nilimkumbatia na maganda yake, na mimi nikalia.

Kesho yake tulirudi wote wawili. Hawa alimwendea yule msichana mbele ya mama yake, akasema mpira ulikuwa ndani. Yule msichana alisema, "I know," kisha akamrushia mpira, wakaanza kucheza. Mama yake aliendelea kuniangalia kama mzigo, na sikumlaumu. Halafu tukaingia ndani kwa Pauline, nikala sahani mbili.

Kurudi nyumbani

Mmeniuliza mbona nimerudi peke yangu, ndilo hilo. Nimemwacha Hawa. Nimemwacha kwa mtu ambaye mpaka leo sijui kama alidanganya siku ile kwao au alionewa. Baba Hawa anasema bila shaka alionewa, Rukia anasema bila shaka alidanganya. Mimi najua kitu kimoja. Aliiona alama ya uongo wa mwanangu, na alifagia kabla mtu mwingine hajaiona, kisha akataka mtoto aseme mwenyewe. Sikupata mwalimu mwingine wa kumpa mtoto kwa sababu kama hiyo.

Siku ya kuondoka nilipita uwanjani kuaga. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na udongo ulikuwa laini, viatu vyangu viliacha nyayo kutoka kwenye benchi mpaka langoni. Hawa alinisindikiza nusu ya njia, nikamrudisha, maana angenifikisha langoni, ningemsindikiza yeye tena kurudi. Nilipofika kwenye kona niligeuka. Ingo alikuwa amesimama kando ya nyayo zangu, wavu ameuegemeza ukutani, mikono ameiweka nyuma. Aliniangalia mpaka nikakata kona.

Jumapili iliyopita Hawa alipiga simu. Anasema kile kiwanja hawakukifagia siku ile, wala ya pili yake, walihamia kingine, mpaka mvua ikaja ikazifuta nyayo yenyewe. Nikamuuliza, kweli? Akasema kweli, mama. Safari hii hakulisema haraka. Nikamwambia namwamini.